Asiye na mume naye ni mpangaji

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme hili maana limenikaa rohoni. Huku Dar ukiwa mwanamke unatafuta chumba na sebule peke yako, dalali kabla hata hajakuonesha choo anakuuliza mume yuko wapi, hela ya miezi sita unayo mkononi, kazi unayo, lakini mwenye nyumba anataka mwanaume ndo aje asaini mkataba, kwani kodi analipa nani? Rafiki yangu ana genge la mbogamboga Tandika, anaamka usiku wa manane kuwahi mzigo, anasomesha wadogo zake, umeme wa Luku ananunua mwenyewe, ila mtaani bado wanamsema eti ana gundu, wengine eti anajiuza, jamani! Hajaolewa kwa sababu hataki, basi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, haidai cheti cha ndoa, sasa iweje chumba cha kupanga tu kidai? Wenyeviti wa mitaa wakemeeni hawa wenye nyumba, na nyie madalali ulizeni kodi, habari za mume wa mtu haziwahusu.

Msomaji wako, Temeke