Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia utamaduni na nyaraka za taifa: historia ya jamii ndogo imo kabatini, chini ya majina yasiyo yao

Mheshimiwa Waziri,

Mtu akiingia katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, Nairobi, akaomba mafaili ya miaka ya 1930 yanayohusu Waogiek, ni rahisi sana atoke mikono mitupu. Akiomba ya Waendorois, Wayaaku, Waaweer au Wasengwer, hali ni hiyo hiyo. Wengi huondoka wakiamini kwamba jamii hizi hazikuandikwa. Ziliandikwa, tena sana: katika taarifa za mwaka za wilaya, taarifa za makabidhiano kati ya Mkuu wa Wilaya anayeondoka na anayeingia, vitabu vya kumbukumbu za kisiasa, barua za idara ya misitu, na daftari za mahakama. Tatizo ni kwamba kurasa hizo zina majina ambayo wenyewe hawakujiita.

Sisi tunaokuandikia ni watu wa nyaraka, wa lugha na wa ramani. Tunaomba jambo moja ambalo halihitaji sheria mpya: uagize itengenezwe faharasa ya majina, itakayounganisha kila jina la faili la kikoloni na jamii husika, mahali na mwaka, kisha nakala za kurasa hizo zipelekwe kaunti zinakohusika.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo kazi inapoharibika. "Dorobo" limetokana na neno la Kimaa, *il-torobo*, linalowataja watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara. Maafisa walilipokea kutoka kwa wafugaji wakalibandika kwa kila aliyeishi msituni kwa asali na mawindo. Hivyo Dorobo wa Mau na Tinet ni Waogiek, ambao lugha yao ni jamaa ya Kikalenjin. Dorobo wa Mukogodo, Laikipia, ni Wayaaku, ambao lugha yao ya asili ni ya Kikushi na haina undugu na hiyo ya kwanza. Faili likisema "Dorobo" tu bila kutaja mahali, bado halijasema ni nani.

Pwani mambo ni magumu zaidi. "Sanye" liliandikwa kwa jamii ya Waata, wanaosema aina ya Kioromo, na likaandikwa pia kwa Wadahalo wa upande wa Lamu na Tana, ambao lugha yao ina sauti za kualiza ulimi zisizopatikana katika lugha nyingine yoyote ya Kenya. Jina moja, watu wawili. Na Waata hao hao wameandikwa Waliangulu, Langulo na Ariangulo: watu wale wale, majina manne. Waaweer ni "Boni". Na si Pwani tu. Wailchamus wa Baringo ni "Njemps". Wasengwer wamemezwa na "Cherangani". Wanubi wa Kibra ni "Sudanese". Waendorois wamo ndani ya "Kamasia", jina la zamani la Watugen, na ziwa lao, Bogoria, limeandikwa humo kwa jina la Hannington, askofu Mwingereza aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Anayetafuta "Bogoria" katika karatasi za zamani hana budi kujua hilo kwanza.

Majina haya yaliamua mambo makubwa. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter, iliyofanya kazi kati ya mwaka 1932 na 1934, ilipendekeza Dorobo wahamishiwe, pale inapowezekana, katika maeneo ya makabila wanayofanana nayo. Kwa sentensi hiyo, jamii iliyokuwa na ardhi yake ikageuzwa mgeni wa jirani yake, na msitu wake ukawa wa serikali. Miaka mingi baadaye hoja ile ile ilirudi mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: kwamba Waendorois si jamii inayojitegemea bali ni sehemu ya Watugen. Tume iliikataa, na uamuzi wake ukachapishwa mwaka 2010. Waogiek nao ilibidi wathibitishe wao ni nani mbele ya Mahakama ya Afrika mjini Arusha, iliyowapa haki tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara ya kiutu. Uamuzi huo wa pili unagusa pia lugha na utamaduni wao, ambavyo viko chini ya wizara yako moja kwa moja, Mheshimiwa.

Ona pia sensa. Mwaka 2009 Waogiek walihesabiwa 78,691. Mwaka 2019 walikuwa 52,596, na katika orodha hiyo hiyo kukawa na "Dorobo" 23,171 kwenye mstari wao peke yao. Hapakuwa na tauni wala vita iliyofyeka theluthi ya Waogiek katika miaka 10 hiyo. Jina la mkoloni bado lina msimbo wake katika fomu ya serikali huru, na watu wanagawanywa nalo.

Sasa kazi yenyewe. Faharasa tunayoitaka ni jedwali la safu sita: namba ya kumbukumbu ya faili, ukurasa, jina kama lilivyoandikwa, mahali palipotajwa, mwaka, na jina ambalo jamii yenyewe hujiita. Safu ya saba iwe ya kiwango cha uhakika, yenye maneno matatu tu: hakika, yaelekea, haijulikani. Safu hii ndiyo huachwa mara nyingi, na ndiyo inayookoa kazi. Bila hiyo, dhana ya mtafiti mmoja hugeuka ushahidi mahakamani.

Kosa la kwanza la kuepuka ni kuipa kompyuta amri ya kubadilisha "Dorobo" kuwa "Ogiek" kila linapotokea. Mtakuwa mmewapa Waogiek historia ya Wayaaku, na pengine ardhi yao. Ulinganisho ufanywe ukurasa kwa ukurasa, kwa kuangalia mto, kilima, jina la mzee aliyetajwa na Mkuu wa Wilaya aliyeandika. Kosa la pili ni kubadilisha jina la faili lenyewe. Jina la zamani libaki hata likiwa la matusi, kwa sababu hukumu na tasnifu zimekwisha kulinukuu. Jina sahihi huongezwa kando yake. Kosa la tatu ni kumwachia karani peke yake. Kila jedwali lishikwe na watu wawili, mwenye ujuzi wa nyaraka na msemaji wa lugha ya jamii hiyo, maana ni huyo wa pili atakayegundua kwamba "Tindiret" na "Tinderet" ni kilima kimoja.

Tena wasisome vichwa vya mafaili tu. Historia ya wawindaji na warina asali haimo katika faili lenye jina lao. Imo katika "Misitu", "Wanyamapori", "Kodi ya Vibanda", "Uvamizi wa Ardhi". Chukua Waata. Hifadhi ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, na katikati ya miaka ya 1950 ikaendeshwa operesheni kali dhidi ya uwindaji wa ndovu. Wanaume wengi wa Kiwaata, mafundi wa upinde mkubwa na mshale wa sumu ya mti, walifungwa. Anayetaka kujua walikuwa wangapi, wa koo zipi na waliishi wapi, asome daftari za mahakama na taarifa za askari wa wanyamapori, ambamo wameandikwa majangili. Kila kesi ina jina la mtu, kijiji na mahali alipokamatwa. Ukipanga mahali hapo kwenye ramani, unaanza kuona nchi ya Waata jinsi ilivyokuwa kabla ya mipaka ya hifadhi. Tunaamini hakuna chanzo kilichopuuzwa kuliko hiki.

Kwa Wamakonde na wengine walioletwa na kazi, pa kutafuta ni kwingine. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na utaifa walioishi nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963, lakini mtu athibitishe vipi kwamba babu yake alikuwa Kwale siku hiyo? Orodha za wafanyakazi wa mashamba ya mkonge na miwa, daftari za vipande (vitambulisho vya kazi vya enzi za ukoloni), na mikataba ya kibarua ndizo karatasi za kupekua. Wamakonde walifunguliwa mlango wa vitambulisho kwa agizo la rais la Oktoba 2016, baada ya kutembea kutoka Kwale hadi Nairobi. Washona wakapewa vyeti vya uraia mwaka 2021, na Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023. Tunafurahi nao. Lakini safari ya miguu isingekuwa njia ya kupata haki iwapo karatasi zingepatikana. Wanubi nao wanajua thamani ya karatasi: eneo la Kibra lililotengewa wanajeshi wa asili yao lilikuwa la ekari zipatazo 4,200, na hati miliki waliyopata mwaka 2017 ni ya ekari 288.

Kuhusu kuskani tuseme kwa ufupi, kwa kuwa wataalamu wako wanajua. Kurasa zisipungue nukta 300 kwa inchi, ramani 400 au zaidi na kwa rangi, kwa sababu mstari wa penseli nyekundu wa mpimaji hupotea kwenye picha nyeusi na nyeupe. Skani na upande wa nyuma wa kila karatasi: maafisa walikuwa wakiandika maoni yao huko na pembeni, na mara nyingi ndiko kuna ukweli ambao barua rasmi inauficha. Pini zilizoshika kutu zitolewe kwa uangalifu, na mpangilio wa kurasa usibadilishwe. Nakala zikae sehemu tatu: Nairobi, maktaba ya kaunti, na mahali ambapo jamii itachagua, kwenye diski ngumu inayosomeka bila intaneti. Nakala ya jamii ikaguliwe kila mwaka, kwa kuwa diski hufa kimya kimya.

Jambo la nakala lina uchungu wake. Maikrofilamu za taarifa za wilaya zetu zilipelekwa zamani katika Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Mwanafunzi wa huko anazisoma bila kusafiri, ilhali mzee wa Baringo hana budi kupanda matatu hadi Nairobi kusoma habari za ziwa lake. Kuna pia mafaili yaliyosafirishwa kwenda Uingereza karibu na uhuru, yakafichwa Hanslope Park, jengo la serikali ya nchi hiyo, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyafichua mwaka 2011. Sasa yamo London, katika hifadhi ya nyaraka ya taifa la Uingereza, kwenye mfululizo wenye namba FCO 141. Yako wazi, na wizara inaweza kuomba nakala zake. Kwa kuwa moto wa mwaka 1939 uliteketeza karatasi nyingi za Sekretarieti ya Nairobi, ofisi kuu ya serikali ya kikoloni, nakala zilizobaki wilayani na zilizo ughaibuni ni za thamani mara mbili.

Karatasi hata hivyo ni sauti ya upande mmoja. Rekodi za wazee zifanywe sambamba, si baadaye. Mzee azungumze lugha yake kwanza, na tafsiri ifuate. Anayeulizwa kwa Kiswahili hutoa majibu mafupi ya kumridhisha mgeni. Zifanyike kwa kutembea, mtambo wa GPS mkononi, kwa sababu majina ya mahali hayakumbukwi ukiwa umeketi ofisini. Kwa Waogiek, eneo la ukoo hupanda kutoka bondeni hadi kwenye baridi ya juu, likivuka mikanda ya msitu ambayo maua yake hayachanui msimu mmoja, na mizinga hufuata maua. Ramani inayoonyesha "msitu" kwa rangi moja ya kijani imefuta mipaka hiyo yote. Faili za sauti zisibanwe ili kupunguza ukubwa wake. Idhini ichukuliwe kwa lugha ya msemaji, na aruhusiwe kuiondoa. Matambiko na dawa ambazo jamii haitaki zitoke zifungwe, kama Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inavyotaka. Wadahalo walihesabiwa 575 na Waelmolo 1,104 mwaka 2019, na wanaojua Kiyaaku sawasawa wamebaki wazee wachache mno. Hapo hakuna muda wa kusubiri bajeti ya mwaka wa tatu.

Ibara ya 7 ya Katiba inaitaka dola ikuze lugha za kiasili, Ibara ya 56 inazitaja jamii ndogo na zilizotengwa, na Ibara ya 63 inatambua kwa jina ardhi za jadi za jamii za wawindaji. Sheria ya nyaraka inafungua karatasi zenye umri wa miaka 30. Mamlaka unayo.

Tunapendekeza uanze na Baringo, kwa kuwa "Kamasia" na "Njemps" zimo pamoja katika taarifa zile zile na zitaipima mbinu vizuri. Baada yake ifuate Laikipia kwa Wayaaku, kisha Lamu na Tana River. Timu ya watu sita inatosha: wawili wa nyaraka, wawili wasemaji wa lugha, mmoja wa ramani, mmoja wa kuskani. Miezi 12 kwa wilaya ya kwanza. Jedwali la awali liwekwe wazi miezi 3 kabla ya kukamilishwa, lisomwe kwa sauti barazani Loboi na Marigat, ili wenyewe waseme pale lilipokosea. Tunaomba utujibu kwa maandishi ukitaja tarehe ya kuanza na afisa atakayesimamia.

Wako kwa heshima,
Watafiti wa nyaraka, lugha na ramani za jamii ndogo za Kenya