Posho ya mbunge na posho ya tembo

Ndugu Mhariri,

Babu yangu aliwahi kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Kwake posho ilikuwa unga: unapimiwa kibaba chako na maharage kidogo, unaondoka. Neno hilo lilinirudia juzi nikiwa dunguni, saa nane za usiku, nasubiri tembo, huku redio ya jirani wa shamba la pili ikirudia mjadala wa watu wa vyama wanaorushiana maneno kuhusu nani anakula kuliko mwenzake.

Tuko kijiji cha mpakani mwa Hifadhi ya Serengeti, upande wa Mara. Watalii humwona tembo mchana, akiwa mbali, wakamsifu. Sisi tunamsikia usiku. Bua linavunjika, ka! Halafu kimya. Halafu tumbo linanguruma taratibu, kama lori lililoachwa linawaka barabarani, na hapo unajua hayuko peke yake. Unapiga debe, unamulika tochi, unapuliza vuvuzela. Vijana wana mabomu ya pilipili: kondomu inajazwa unga wa pilipili na mchanga, fataki katikati. (Mzee mmoja hapa alikataa kabisa kuzigusa mpaka aelezwe zimefuata nini shambani.) Tembo anakohoa, anarudi nyuma, kesho yake anakuja kwa njia nyingine.

Sasa hesabu, maana usiku ni mrefu. Mwaka 2011 zilitoka kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi. Shamba likiliwa, mkulima apewe kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na ekari zisizidi tano. Mtu akiuawa, nduguze wafutwe machozi kwa 1,000,000. Mwaka huohuo, kule Dodoma, posho ya kikao ya wabunge ilitangazwa kupanda kutoka 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na ya kujikimu ni nyingine. Spika wa wakati huo, Mheshimiwa Anne Makinda, alieleza kuwa maisha ya Dodoma yamekuwa magumu. Mbunge Zitto Kabwe, akiwa bado chama cha upinzani cha CHADEMA, alikuwa ameshasema ya kikao haitaki, na zogo lake wengi tunalikumbuka.

Nazungumzia viwango vya mwaka huo, Mhariri, kwa sababu vilizaliwa pamoja kama pacha. Mkulima aliye karibu na mpaka, tembo wakimmalizia ekari zote tano, anafikisha 125,000. Hajafika kikao kimoja. Na katika kikao hicho mbunge akikaa kimya tangu asubuhi mpaka jioni, posho yake iko palepale.

Halafu majina yenyewe: yeye anapewa posho, mimi nafutwa jasho. Tumeambiwa wazi kwamba hii si fidia. Sawa, lakini hata kitambaa cha kufutia kichelewe? Mwaka juzi tembo waliingia kwangu mwezi wa tano. Aliyetumwa kutathmini alifika wiki ya sita, mabua yameshaliwa na ng'ombe, akaniuliza nina ushahidi gani kwamba hapa palikuwa na mahindi. Nilimwonyesha mavi makavu ya tembo, punje zikiwa bado zimo ndani. Akayapiga picha kwa simu. Mpaka leo sijui picha ile iko kwenye meza ya nani.

Sina ugomvi na tembo. Naye anatafuta posho yake. Wala sisemi wabunge hawatusemei, maana wanatusemea sana, na wakati wa kampeni kila chama kina tembo mdomoni. Ninaloomba ni moja. Kiwango cha ekari na kiwango cha kikao viwe vinapitiwa siku moja, kwenye karatasi moja. Kikipanda hiki, na kile kipande. Hapo nadhani maisha ya huku yatajulikana ugumu wake haraka sana.

Kwa sasa najilinda kwa kamba ya katani niliyoizungushia shamba, nimetundika matambara yaliyolowekwa oili chafu na pilipili. Matambara hayo ni fulana za uchaguzi. Za kijani, za kaki, na moja ya zambarau, zote zimefungwa kamba moja na zinanuka harufu moja. Wiki tatu tembo walizikwepa. Usiku wa juzi dume mmoja aling'oa nguzo ya pembeni, akapita, akaacha mbili kwenye matope. Mke wangu ameziokota, anasema zikifuliwa zitafaa kudekia.

Nguzo nimeisimamisha tena. Fulana zimebaki saba, na uchaguzi mwingine uko mbali.

Mkulima wa mpakani,
Mara