Neema, usiende kuutazama mto

Neema mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi tu kukusikia. Mara ya pili nikaisikia mvua nyuma ya maneno yako. Mara ya tatu nikavuta kigoda nikakaa, maana unasema huko Japani treni za Kagoshima wametangaza kuzisimamisha kesho kuanzia mchana, na wewe utawahi basi la alfajiri kutoka hapo Hitoyoshi ili ufike kabla. Mwanangu, kimbunga kinatoka kusini. Kagoshima iko kusini. Unawahi kwenda wapi?

Usipande hilo basi. Nakuomba kama mama yako, na kama ombi halitoshi basi ichukue kuwa ni amri.

Umelalamika kwamba jua lilikuwa linawaka na tayari watu wanafunga reli. Hilo ndilo la kuwashukuru. Yule mtaalamu wa Kijapani aliyekuja kutufundisha kupandikiza mpunga kwa kamba, mradi wetu wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulipokuwa mpya, mwaka 1987 nilikuwa msichana namsaidia bibi yako, alikuwa anafunga lango la mfereji wingu likiwa bado liko juu ya mlima. Wakubwa walimnung'unikia kwamba anatunyima maji bure. Yeye alifunga tu, akakaa juu ya tuta na koti lake la mvua magotini. Alituambia kwao kila msimu wa vimbunga wazee hufa kwa sababu wametoka nyumbani kwenda kuangalia majaruba yao. Mzee yuko ndani, salama, kisha moyo unamwambia akaone mpunga umekuwaje, anavaa buti, anatoka. Anakutwa mferejini kesho yake. Niliona ni maneno ya kututisha. Sasa nina majaruba yangu na naujua huo moyo unavyosema.

Kwa hiyo usiende kuutazama mto. Si kwa picha, si kwa dakika mbili, si kwa sababu wenyeji wanaenda.

Umesema chumba chako kiko chini na dirisha linautazama mto Kuma, na umelisema kama mtu anayesifu. Halafu ukanitumia picha ya nguzo ya umeme yenye alama ya maji ya mafuriko ya Julai 2020, na alama iko juu ya kichwa chako. Neema, wewe si mfupi. Nimeikuza ile picha mpaka ikawa vidoto. Watu wa pale waliyaona maji yale asubuhi na mapema, na jirani hapo, kwenye kijiji cha Kuma, walikufa wazee 14 katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Umenieleza mwenyewe kwamba reli iliyokuwa inafuata ule mto ilibebwa na haijarudi, ndiyo maana umeingia kwa basi. Umeyajua yote hayo, ukachukua chumba cha chini.

Mwombe yule mama mwenye nyumba akupandishe juu. Mwambie kwa adabu, mwambie mama yako Tanzania hajalala. Mzazi mwenzangu atanielewa. Na kabla giza halijaingia muulize shule iliyo mwinuko iko wapi, maana najua huko watu hukimbilia kwenye kumbi za shule, na mgeni anapokelewa kama mwenyeji. Itembee hiyo njia kwa miguu yako mchana, uhesabu umekata kona ngapi. Usitegemee simu. Usiku, mvua ikiwa usoni, utaikumbuka njia uliyoitembea, si ile uliyoiona kwenye kioo.

Pia halmashauri zao wana ramani inayoonyesha maji yatafika wapi na mlima utaporomoka wapi. Kule Mabi, mji wa Kurashiki, mvua za Julai 2018, maji yalikwenda karibu palepale ramani ilipokuwa imepaka rangi. Wakafa watu 51, wengi wao wazee, wengi ndani ya nyumba zao. Ramani walikuwa nayo. Mimi hilo linaniuma kuliko kimbunga chenyewe.

Baba yako anasema nikuache, wewe ni mtu mzima, una miaka 27 na unasomea maji. Kisha yeye ndiye anayefungua NHK, ile idhaa ya Japani, kwa Kiswahili, redio sikioni ili nisisikie. Ndiye aliyenieleza zile ngazi zao za tahadhari: ya tatu nyekundu, wazee na wasiojiweza waondoke, ya nne zambarau, wote waondoke sehemu za hatari, ya tano nyeusi, hapo umeshachelewa, ni kuokoa roho palepale ulipo. Sasa sikiliza. Wewe jihesabu mzee. Hujui mji, hujui mlima uliolainika ni upi, hata tangazo la spika unalisikia nusu. Ikitangazwa ya tatu, ondoka na wazee. Usione aibu kukaa kwenye mkeka na mabibi wa watu.

Na mbona uliniambia mko watatu? Nimegundua kwa ile picha ya nguzo: umeiegemeza simu kwenye kitu ujipige mwenyewe, ukingo wa kitu hicho umebaki pembeni. Sikukatazi kusafiri peke yako. Jumapili baada ya ibada niliionyesha picha yako ukiwa stesheni, nikawaambia kina mama wa Mabogini kwamba huyu anakata tiketi kwa Kijapani, anaagiza chakula kwa Kijapani, hana mkalimani. Mama mmoja aliniuliza, haogopi? Nikasema mwanangu hajawahi kuogopa. Nilisema kwa majivuno. Usiku wake ndipo ukaja ujumbe wako, na maneno yangu mwenyewe yakanikosesha usingizi.

Sitaisimulia ile siku ya mto Rau. Ulikuwa na miaka tisa na unaijua kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa naangalia miche kitaluni ng'ambo, na wewe ulikuwa unaniangalia mimi. Labda ndiko ulikojifunza kuwahi. Vile viatu vyekundu nilikugombeza kwamba umevipoteza. Hukuvipoteza wewe.

Basi. Nunua chakula cha siku mbili leo, maduka yao yale ya usiku kucha nayo hufungwa kimbunga kikikaribia. Toa pesa taslimu. Jaza maji chupa zote. Mwavuli wa plastiki uache mlangoni, upepo utaugeuza mkuki, vaa koti. Pasipoti na kitambulisho cha ukaazi viweke ndani ya mfuko wa nailoni, mwilini, si kwenye begi.

Huku ni kinyume. Maji hakuna. Wa juu wanayazuia, yanayofika mfereji wetu hayalowanishi kisigino, na zamu yetu imewekwa saa nane usiku, kwa hiyo baba yako anakwenda na tochi na goti lake lile bovu. Pawatila imekata mkanda tena. Fundi anataka pesa kabla, nimemwambia asubiri tuvune. Daudi ameanza kidato cha tatu na amekuwa msiri, ukipata nafasi mwandikie, wewe anakusikiliza. Bibi amekataa kuhamia chumba cha mbele. Anasema hawezi kulala mahali asipowasikia ng'ombe. Bati la jikoni limetoboka palepale uliposema litatoboka, usinikumbushe.

Ile hela uliyotuma nusu nimenunua mbolea, nusu nimeiweka. Tiketi ya Kagoshima kama imepotea, nitakurudishia kutoka hapo. Sitaki useme umepanda basi kwa sababu ulishalipia.

Kesho nina zamu ya kuamia ndege shambani, simu nitakuwa nayo kwenye kanga. Nitumie mambo matatu tu: chumba chako kiko ghorofa ya ngapi, shule iko umbali gani, na kama umelala. Mto nitausikia kwa redio ya baba yako.

Mama yako