Indiana wanayo hii sheria tangu 2005, Kentucky tunasubiri nini?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu tunalisoma huku Louisville, Kentucky, wengi wetu kwenye simu wakati wa mapumziko ya shifti ya usiku, na kila mauaji ya bunduki yakitokea Marekani naona yanaandikwa kama vile nchi nzima ina sheria moja. Sio hivyo. Kila jimbo lina za kwake, na naomba nafasi niongelee moja ambayo jimbo letu limeshindwa kuipitisha, ya kumwekea mtu bunduki zake pembeni kwa muda akionekana ni hatari, maana huku Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya tupo wengi na ndugu zetu mnaosoma hapa ndo mnaotupigia kuuliza kama tuko salama.

Tarehe 10 Aprili 2023 kijana mmoja aliingia benki ya Old National hapa mjini akaua watu watano aliokua anafanya nao kazi. Bunduki aliinunua dukani siku sita kabla, kihalali kabisa, na huku alikua anatibiwa matatizo ya afya ya akili. Baada ya hapo Whitney Westerfield, aliekua seneta wa jimbo letu na ni wa chama cha Republican, chama kinachotetea sana bunduki, akaleta muswada kwenye kikao cha 2024: polisi akiona mtu ana hatari ya karibu ya kujiua au kuua wengine aende kwa jaji, jaji akiridhika silaha zinawekwa pembeni kwa muda, na mwenyewe anaitwa kusikilizwa. Hafungwi wala hanyang'anywi milele. Kikao kikaisha muswada haujapigiwa hata kura.

Sisemi ingemzuia yule wa benki, wazazi wake hawakujua kama kanunua bunduki. Ila kuna wengine wengi ambao nyumbani wanajua kila kitu, bunduki ilipo wanajua, maneno anayoyasema usiku wanayasikia, na hakuna sheria ya kuwasaidia.

Sasa vuka daraja la mto Ohio, dakika chache tu, uko Indiana, na Indiana nako Warepublican ndo wengi, bunduki wanazipenda kama wa huku. Mwaka 2004 pale Indianapolis polisi walichukua bunduki za mtu mmoja aliekua anaumwa akili, baadae wakamrudishia kwa sababu hamna sheria iliyowaruhusu kuendelea kukaa nazo, na Agosti mwaka huo huo yule mtu akamuua polisi anaitwa Jake Laird. Mwaka uliofuata wakatunga sheria ya aina hii kwa jina la huyo polisi. Florida nao walitunga ya kwao 2018 baada ya watu 17, wanafunzi na wafanyakazi wa shule, kuuawa shuleni Parkland, na gavana aliesaini, Rick Scott, ni Republican. Kwahiyo wanaotuambia hii ni njama ya kuwanyima watu haki zao wanatudanganya.

Na sheria peke yake haitoshi, lazima itumike. Hiyo hiyo Indiana mwaka 2020 polisi walimnyang'anya kijana mmoja bunduki baada ya mama yake kuwaita, ila waendesha mashtaka hawakupeleka kesi yake mbele ya jaji, akaweza kununua nyingine dukani na Aprili 2021 akaua watu 8 kwenye ghala la FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Mama alifanya sehemu yake yote jamani, ofisi ndo hazikumaliza kazi.

Kwetu sisi ishu ni hii. Nyumbani Tanzania kupata kibali cha bastola ni mlolongo, huku ukishapata grinikadi unaingia dukani, wanakukagua kwenye kompyuta, unatoka nayo, na tangu 2019 Kentucky mtu mzima wa miaka 21 haitaji hata kibali kuibeba ikiwa imefichwa. Wababa wetu wananunua, sababu wanafanya kazi usiku na magari yanavunjwa. Alafu inakaa chini ya godoro au chini ya siti ya dereva, imejaa risasi, siti ya nyuma wamekaa watoto watatu. Kentucky hamna sheria inayomlazimisha mtu kufungia bunduki. Kuna kifuli cha waya, unaupitisha ule waya ndani ya bunduki kwenye njia ya risasi unafunga na ufunguo, hauwezi kufyatua, vituo vingi vya polisi vinatoa bure. Wangapi wanajua?

Na zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki Marekani wanajiua wenyewe. Hili kwetu halisemwi. Mwanaume amepoteza kazi, ndoa imevunjika, ameacha kula, mke anampigia mchungaji, mchungaji anaitisha maombi. Maombi ni mazuri na mi mwenyewe naomba, ila mchungaji hana mamlaka ya kuitoa ile bastola ndani ya nyumba. Polisi mke anaogopa kumuita, na simlaumu, tangu Patrick Lyoya, kijana wa Congo, apigwe risasi na polisi akafa kule Grand Rapids, Michigan, Aprili 2022 hofu hiyo iko kila nyumba. Ndo maana muswada ukirudi mi nataka familia nayo iruhusiwe kwenda yenyewe kwa jaji, isipitie kwa polisi tu. Majimbo mengine yanaruhusu.

Bunge la jimbo letu, pale Frankfort, huwa linaanza Januari. Aliepo Kentucky apige simu ofisi ya mbunge wa mtaa wake na seneta wake kwenye bunge hilo, hata kama hujawa raia piga tu, unaishi kwenye eneo lake na unalipa kodi. Taja jina lako na mtaa wako, sema unataka muswada wa silaha kuwekwa pembeni urudishwe na safari hii upigiwe kura. Kama Kiingereza kinasumbua kaa na mwanao wa sekondari mpige wote. Na nyie mlioko nyumbani, mkiongea na ndugu yenu wa huku muulizeni kama ana bunduki na ameifungia wapi.

Msomaji wenu,
Louisville, Kentucky