Kampuni zinazosaidia chekechea vijijini zimlipe mwalimu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kampuni zinazotenga sehemu ya faida yao kusaidia elimu ya awali vijijini. Nia yao ni njema na sina sababu ya kuitilia shaka. Ninachoomba ni fedha hizo zianzie kwa mwalimu, zimfikie kila mwezi, tena kwa miaka, kabla halijanunuliwa tofali la kwanza.

Nafundisha watoto wa miaka minne na mitano kijijini. Kampuni moja ilitujengea darasa: kuta imara, bati jipya, herufi na wanyama wamechorwa ukutani, jina la mfadhili juu ya mlango. Siku ya makabidhiano utepe ulikatwa na picha zikapigwa. Lakini madawati yalikuwa ya watoto wakubwa. Mdogo akikaa miguu inaning'inia, na akitaka kuandika inabidi apige magoti juu ya benchi. Choo nacho kilikuwa na tundu la mtu mzima. Watoto walikiogopa, wakawa wanajisaidia nyuma ya jengo. Hakuna mwalimu wala mzazi aliyeulizwa kabla ramani haijachorwa.

Hayo tuliyarekebisha na wazazi. Kilichotushinda ni posho ya mwalimu msaidizi. Wazazi walichanga, msimu wa kilimo ulipofika michango ikakatika, naye akaondoka kutafuta kibarua. Darasa zima likabaki mikononi mwangu.

Labda mtu atauliza, kwani kuwaangalia watoto wanaocheza kunahitaji walimu wangapi? Nitaeleza. Mtoto wa miaka minne akipewa vizibo vya chupa ahesabu, mdomo hutangulia kidole: anafika kumi, kumbe vizibo ni saba. Ukimwambia amekosea, kesho hatajaribu. Unakaa naye chini, unasogeza kizibo kimoja kwa namba moja, pole pole, halafu unamwachia. Kesho mnarudia. Siku moja anasimama kwenye saba mwenyewe, na hapo ndipo hesabu inapoanza kichwani mwake. Kazi hiyo haifanyiki darasani penye watoto sitini na mtu mzima mmoja, hata kuta ziwe na rangi gani. Wala haifanywi na mwalimu anayebadilika kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu atakuwa hajui mtoto yupi alifikia wapi.

Ushahidi upo. Mradi wa chekechea wa Perry ulioanza mwaka 1962 huko Ypsilanti, Michigan, Marekani, ulikuwa na watoto wachache wa familia maskini, walimu waliosomea kazi yao, na mwalimu aliyemtembelea mzazi nyumbani kila wiki. Watafiti waliwafuatilia watoto wale hadi utu uzima, wakakuta wamewapita wenzao wasiopitia mradi huo kielimu na kimapato. Tena tusidhani ni mambo ya nchi tajiri tu. Msumbiji, katika vijiji vya mkoa wa Gaza, shirika la Save the Children lilianzisha chekechea kwa kushirikiana na wanavijiji wenyewe. Tathmini ya Benki ya Dunia iliyotoka mwaka 2012 ilionyesha kwamba watoto waliopitia humo waliandikishwa darasa la kwanza kwa wingi zaidi na katika umri unaofaa. Kaka na dada zao wakubwa nao walipata nafasi zaidi ya kwenda shule, na walezi wao nafasi zaidi ya kufanya kazi. Kampuni yenye shamba au kiwanda kijijini inapaswa kulitafakari hilo la mwisho: wengi wa walezi hao ndio wafanyakazi wake.

Najua wapo watakaosema mshahara wa mwalimu ni jukumu la serikali. Ni kweli, na nisingependa kampuni iichukue nafasi hiyo daima. Mwaka 2022, mjini Tashkent, Uzbekistan, nchi nyingi zilikubaliana kwamba angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu iende kwenye elimu ya awali. Nchi maskini ziko mbali sana na kiwango hicho. Mtoto aliye na miaka minne leo hawezi kusubiri bajeti ikue. Akifika saba, muda wake wa chekechea umeshapita. Kwa hiyo mkataba uandikwe kati ya kampuni, kamati ya shule na halmashauri: kampuni ilipe posho na mafunzo kwa miaka mitano, sehemu ya halmashauri ikiongezeka kila mwaka mpaka ibebe yote. Tarehe ya makabidhiano ijulikane tangu siku ya kwanza.

India ilipitisha sheria mwaka 2013 inayozitaka kampuni kubwa kutumia angalau asilimia 2 ya wastani wa faida yao katika shughuli za kijamii, elimu ikiwamo. Ni hatua nzuri, ingawa kanuni zake zinaipa miradi inayoendelea miaka mitatu tu baada ya mwaka ilipoanza. Chekechea ni ya miaka miwili. Kundi la kwanza la watoto likimaliza na la pili likiwa bado njiani, mfadhili anaweza kuwa ameshafunga vitabu.

Nikiri pia kwamba mwalimu ni mgumu kuonyesha kwenye ripoti ya mwaka. Jengo linapigwa picha; mafunzo ya wiki mbili wakati wa likizo na posho inayoingia kwa wakati havina sura. Basi kampuni zitoe taarifa za mambo mengine: mwalimu amedumu muda gani, ana watoto wangapi, wangapi kati yao wameingia darasa la kwanza na wakabaki.

Kampuni ambazo bajeti ya mwaka ujao bado iko mezani zinaweza kuanzia hapa: zichukue orodha ya madarasa zilizokwisha kuyajenga, ziulize kila moja lina walimu wangapi leo na nani anawalipa.

Mwalimu wa chekechea, kijijini