Oili ikivuja kwenye PTO, kubadili sili pekee hakutoshi

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme na wenye matrekta wa Hai, Kahe, Monduli na Karatu, hasa msimu huu ambapo mashine za kupukuchua mahindi zinazunguka shamba hadi shamba. Oili inavuja kwenye PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta inayoendesha mashine, fundi anaitwa, anapachika sili mpya, yaani pete ya mpira inayozuia oili kwenye shafti, analipwa, na baada ya muda mfupi matone yamerudi. Lawama zote zinaenda kwa sili feki. Feki zipo kweli, lakini mara nyingi sili haina kosa.

Kwanza ujue oili inatoka wapi. Mabomba ya haidroliki yako juu ya PTO, na oili yake huteremka taratibu hadi kwenye shafti ikamdanganya fundi. Osha sehemu yote kwa brashi na dizeli, futa mpaka ikauke, paka poda ya watoto, kisha washa trekta PTO izunguke bila mzigo kwa dakika kumi, watu wakiwa mbali. Zima, chomoa ufunguo, ndipo uchungulie. Poda ikilowa kuzunguka shafti, ni sili. Ikilowa kwenye maungio ya kifuniko, ni gasketi au bolti zilizolegea. Mchirizi ukianzia juu, achana na PTO, fuata bomba.

Ikiwa ni sili, usikimbilie dukani. Injini ikiwa imezimwa, shika shafti uitikise juu na chini. Kucheza kidogo kwa kuzunguka ni kawaida. Kupanda na kushuka si kawaida. Hapo beringi imekwisha, na sili yoyote utakayoweka italiwa mdomo upesi kwa sababu shafti inazunguka ikiyumba. Angalia pia tundu la hewa la difu, yaani gia za nyuma ya trekta. Likizibwa na vumbi, na vumbi la Monduli huziba upesi, hewa ya ndani hupanuka oili ikipata moto, inakosa pa kutokea, inaisukuma oili ipite kwenye sili. Kujaza oili kupita alama ya juu huongeza tatizo hilohilo.

Chanzo kinachosahaulika zaidi ni propela shafti, ile inayounganisha PTO na mashine, ikiwa ndefu kupita kiasi. Mashine ikinyanyuliwa au trekta ikikata kona, mabomba yake mawili hukutana mwisho kwa mwisho na kuisukuma shafti ya PTO ndani, beringi ikaumia. Mahali inapokuwa fupi kuliko pote, bado ibaki nafasi ya milimita 25 hivi kabla mabomba hayajagota. Ikiwa kazini, yaingiliane angalau theluthi moja ya urefu. Ikizidi, ikatwe, bomba zote mbili pamoja na kinga zake kwa kipimo kimoja.

Sasa kazi yenyewe. Weka kigingi kwenye matairi. Mwaga oili kwenye chombo safi, maana kwenye matrekta mengi oili ya difu ndiyo hiyohiyo ya haidroliki na mchanga ukiingia utaharibu pampu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji, usiirudishe. Fungua kinga, kisha bolti za kifuniko, na uvute shafti ikiwa imenyooka.

Hapa ndipo pa kutulia. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili ulipokuwa ukisugua. Ukinasa, shafti imelika, na sili mpya ikikaa palepale haitazuia kitu. Ivishwe bushi nyembamba ya chuma, au, kama nafasi ipo, sili isizamishwe hadi mwisho bali ikae milimita 2 nje ya mahali pa zamani ili mdomo ushike chuma kizima. Sili huandikwa vipimo usoni, kwa mfano 45-62-8, yaani kipenyo cha ndani, cha nje na upana kwa milimita. Nenda dukani na namba hizo. Kuomba tu “sili ya Massey” ndiko kunakoleta isiyoingia.

Zungushia meno ya shafti solotepu yasiukate mdomo wa sili wakati wa kuingiza, kisha uitoe. Paka grisi kwenye mdomo. Upande wenye springi uelekee ndani, kwenye oili. Gonga kwa kipande cha bomba chenye upana wa sili ili iingie sawasawa. Kuigonga upande mmoja kwa bisibisi huipinda, na sili iliyopinda itavuja hata kama ni ya bei ghali. Gasketi iwe ya unene uleule wa zamani. Tusijaze silikoni: inayobanwa ndani hukatika na kwenda kuziba filta. Bolti zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo.

Rudisha oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta, si yoyote iliyobaki stoo. Jaribu PTO kwa mizunguko 540 kwa dakika, zima, pima tena kina cha oili. Na kinga irudishwe kabla ya mashine kufungwa. Kitenge au mkono wa koti ukinaswa na shafti inayozunguka, hakuna atakayewahi kuizima.

Oili chafu isimwagwe kwenye mfereji. Maji hayo yanashuka kwa jirani anayemwagilia na kunywesha ng’ombe.

Mafundi wa matrekta,
Moshi