Usiku nilipoitwa mchawi

Boston, 2 Novemba

Shoga yangu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na watoto. Mimi sijambo, ila baridi imeshaanza kuniuma vidole. Leo nina kisa, na usicheke kabla hujafika mwisho.

Juzi, tarehe 31 Oktoba, ilikuwa Halloween, ile sikukuu yao ya mizimu. Mwenzangu wa kazini anakaa Beacon Hill, mtaa wa zamani juu ya kilima, akanialika nikamsaidie kugawa pipi. Usifikirie majumba ya vioo. Ni vichochoro, nyumba za matofali mekundu zimegandana kama zetu za Mji Mkongwe, njia nyengine zina mawe ya kuteguka miguu, na taa za nje ni za gesi mpaka leo. Zinawaka usiku na mchana. Mwanga wake hautulii, na ukipita chini yake kivuli chako kinakuwa nyuma, mara kishakutangulia. Hata bila ya vitisho, pale mtu anaona mambo.

Na vitisho vilikuwepo! Mifupa ya plastiki imekalishwa madirishani, popo wananing'inia milangoni, maboga yamechongwa macho na meno, mshumaa ndani. Boga likipata moto lina harufu, shoga, kama mtu kaanza kupika futari akaghairi.

Lakini mimi kilichonishangaza ni baraza. Mwenyeji wangu anasema mwaka mzima milango imefungwa, hujui nani kaingia nani katoka. Usiku ule magari yamezuiwa, wenyewe wamekaa kwenye ngazi za nje, mabakuli mapajani, wanasalimiana na kila anayepita. Kumbe kukaa barazani wanakujua! Na watoto wanavyokwenda nyumba kwa nyumba, ni sisi tulipokuwa tukidai mkono wa Idi. Ila sisi tulivaa nguo mpya, wao wamevaa mashuka kujifanya mizimu, na wengine nguo nyeusi kujifanya wachawi.

Sasa kisa. Nimekaa zangu na buibui langu na mtandio, kama kila siku. Akaja mtoto wa miaka mitano hivi, kavalishwa nyuki, akanikodolea macho, kisha akamwambia mama yake kwa sauti: huyu ndiye mchawi mzuri kuliko wote! Yule mama uso ukamwiva. Anaomba radhi huku anamvuta mwanawe, na mtoto kang'ang'ania bakuli langu. Nikampa chokoleti mbili. Ningefanya nini? Mdomo ulicheka, moyo ukachelewa kidogo kuufuata.

Saa mbili pipi zikatwishia. Tukazunguka upande wa pili wa kilima, walikokuwa wakikaa Waafrika huru. Kanisa lao la mwaka 1806 limesimama hadi leo. Phillips Street tukasita mbele ya nyumba namba 66. Hapo alikaa Lewis Hayden, aliyetoroka utumwani Kentucky, na mkewe Harriet, wakiwaficha watoro wenzao. Husimuliwa kuwa aliweka mapipa ya baruti mlangoni, na akaapa ni bora airipue nyumba kuliko kumtoa mgeni wake.

Mmoja wa aliowahifadhi ni William Craft. Huyu na mkewe Ellen walitoroka Georgia mwaka 1848, na walivyotoroka ndiko kunakoninyima usingizi. Ellen alikuwa mtumwa, lakini mweupe wa kudhaniwa Mzungu. Akakata nywele, akavaa suruali na miwani, akawa bwana mgonjwa anayesafiri na mtumwa wake, yaani mumewe. Mkono wa kulia kautundika kwa kitambaa shingoni, ili asiambiwe atie saini, maana hakujua kuandika. Siku nne, treni na meli, wamekaa katikati ya wenye watumwa mpaka wakafika Philadelphia, kusikokuwa na utumwa. Hebu fikiri kile kitambaa kingefunguka!

Nyumba ina watu wake, taa inawaka ghorofani, hatukupiga hodi.

Nikateremka kituoni peke yangu. Nyuma yangu kijana akapiga mbinja. Usiku, shoga! Unajua bibi alivyokuwa akitukataza. Nikakusanya buibui langu nikasoma Ayatul Kursiyu mpaka treni ikafika.

Nisalimie wote. Na uniandikie, usitume sauti tu.

Wako,
shoga yako wa Malindi